Dhahabu ya Mseti kwenye Kijarida Changu

Mpendwa mshauri, Dada Everlyne, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijamtukana mtu hadharani, maana nina hasira.

Nina duka la pampu, kamba na tochi za wachimbaji hapa Nyamongo, na tangu mwaka jana kila Ijumaa natuma kijarida kwa barua pepe, kinawafikia wenye maduara ya kuchimbia dhahabu, wafanyakazi wa mgodini na hata walimu, naandika pampu gani imefika na ipi inakula mafuta kidogo, na watu wanasoma kweli. Sasa kuna mteja wangu Mseti, duara lake lilijaa maji miezi mitatu, nikamuuzia pampu, maji yakaisha, akafika kwenye mwamba wenye mali, akaja dukani anacheka akaniambia amepata ya kutosha kumaliza mahari ya mkewe Agustina, ambaye baba yake alimrudisha nyumbani Nyanungu na mtoto hadi ng'ombe wakamilike, nikampiga picha, akasema nisimwambie mtu lakini wachimbaji wote husema hivyo, na Ijumaa nikaweka picha na jina lake, "Mseti ametoboa kwa pampu yetu," kwa sababu kwenye semina ya wajasiriamali tulifundishwa kwamba hakuna tangazo linaloshinda ushuhuda wa mteja.

Kumbe kaka yake Agustina, mwalimu Simioni, yumo kwenye orodha yangu. Akamsomea baba yao, mzee Wangwe, na Mseti alipopeleka ng'ombe wa mwisho mzee akawakataa. Akamwambia, "Nilipatana na maskini. Huyu wa kwenye picha simjui, kikao cha mahari kianze upya." Basi Mseti badala ya kugombana na mkwewe akaja kugombana na mimi, akaitua pampu mlangoni mbele ya wateja, akasema, "Dada Kudra, niliongea na wewe, sikuongea na Tarime nzima." Mimi niliyemtoa kwenye maji. Tangu siku hiyo wachimbaji wakiniona nimeshika simu wananyamaza, wanakwenda kununua kwa jirani. Nimeshaandika kijarida kingine cha kusema ulikuwa utani, Mseti hakupata kitu. Nikitume?

Kudra, Nyamongo

Kudra, marahaba. Usikitume. Kifute sasa hivi, kisha urudi tuongee.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipojutia, sikupaona. Nilichoona ni "akasema nisimwambie mtu," maneno uliyoyapitisha haraka katikati ya habari nyingine ukidhani sitayaona. Wachimbaji wote husema hivyo, umeandika mwenyewe, na wote wanamaanisha. Mchimbaji akipata mali huificha hata kwa ndugu wa tumbo moja. Unawauzia kila siku na hilo unalijua, ila tangazo lilikunogea.

Kijarida si kibaya. Pampu inayokula mafuta kidogo ni habari, itume. Lakini furaha ya mtu aliyekuja kukuambia mkewe anarudi haikuwa bidhaa ya duka lako. Na aliyekufundisha ushuhuda wa mteja alisema pia uombe ruhusa, wewe ukaondoka na nusu ya somo.

Mzee Wangwe naye ameniudhi. Mwanamke na mtoto wanasubiri, yeye anasomewa barua pepe ya dukani na kubadili neno lake. Lakini yeye hajaniandikia. Umeniandikia wewe.

Hicho kijarida cha pili ni uongo, tena kitamtangaza Mseti upya. Nani Nyamongo ataamini kwamba hana kitu? Watazidi kumfuatafuata.

Leo nenda kwa Mseti mwenyewe, simu uiache dukani, umwombe radhi bila kuongeza "lakini," na umrudishie pampu yake. Kesho panda bodaboda uende Nyanungu na mtu mzima wa kwenu, maana mambo ya mahari mzee hatayasikiliza kutoka kwa mwenye duka aliyekuja peke yake. Mwamkie, ukae, umwambie Simioni akiwepo kwamba aliyetangaza ni wewe, hukuruhusiwa, na unamwomba abaki kwenye mapatano yao. Halafu mwezi mzima usitume kitu. Ukianza tena, jina la mtu lisiingie humo mpaka mwenyewe asome na akubali.

Na mzee akishikilia, akataka ng'ombe zaidi, usirudi Nyamongo kumlaumu. Hao wa nyongeza wameletwa na kijarida chako, Kudra. Wanunue wewe, uwafikishe wewe, Agustina arudi kwake.