Aabo, Waliniambia Uko Msikitini

Aabo,

Assalamu alaykum. Ni mimi, binti yako Halima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichofundisha hapa Garissa mpaka ukastaafu, na barua yangu ya Kisomali ungeirudisha uniambie mwalimu asijifiche kwenye lugha ya mama yake.

Nimerudi. Mwaka wangu wa kufundisha Marekani umekwisha, na ile viza ya kubadilishana walimu imekwisha nao. Jana Adeer Yusuf, ndugu yako, alinipeleka mpaka kwenye ua wa makaburi akanionyesha kwa kidole ulipolala. Nilikuombea dua. Lakini nina neno nawe.

Baridi ilipoanza kule, nilipiga simu dukani kwa kaka Abdi nikaomba niongee nawe. "Aabo yuko msikitini," akasema. Nilipopiga tena, ulikuwa umelala. Mara ya tatu, umekwenda Ijara kuangalia mifugo. Wewe, Aabo, ambaye goti lilikukataza hata kuvuka barabara? Nilimsikia Abdi akihema kwenye simu. Sikuuliza zaidi. Niliogopa jibu.

Tangu hapo nikawa nachora moyo na mishipa ubaoni huku masikio yangu yakiwa kwenye simu ya ofisini. Mwalimu mkuu wa kule alishanionya: nikiondoka kabla shule haijafungwa, viza inafutwa na nafasi imekwenda. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza shuleni kwetu hapa kupewa safari ile. Ningeiacha katikati, nani angempa mwingine?

Mwishowe nikampigia Adeer. Unakumbuka alivyoipinga safari yangu sebuleni kwako. "Msichana asiye na mume anafuata nini huko?" Nawe ukamjibu, "Anakwenda kufundisha. Kama nilivyowafundisha wanao."

Nikamuuliza waziwazi kama uko hai. Akasema, "Mimi sisemi uongo juu ya maiti. Tumemzika, Halima." Akaniambia wewe mwenyewe uliwaapisha, ukiwa kitandani, wasinijulishe mpaka shule ifungwe. Yeye alikataa kuapa.

Nikangoja aniamuru nirudi. "Usije," akasema. "Tumeshamswalia. Maliza kazi aliyokutuma."

Asubuhi yake niliwaambia wanafunzi kwamba baba yangu amefariki. Nikageukia ubao, bado umejaa michoro ya jana yake. Msichana mmoja wa mbele, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akiyacheka matamshi yangu, aliinuka akafuta ubao bila kuambiwa, akarudi akaketi. Nikafundisha. Sijui nilifundisha nini.

Shule ilipofungwa, jamaa zetu walioko huko walijaribu kunishawishi nipotelee mjini kwao, viza iishe niko nao. Walisema, baba hayupo tena, unarudia nini? Swali hilo liliniuma. Nikafunga sanduku hivyo hivyo.

Abdi alinipokea kituoni macho yakiwa chini. Nimemsamehe, kiapo kilikuwa chako. Wewe bado nakukasirikia, Aabo. Ulinilindia kazi yangu, ukaninyima nafasi ya kukuaga. Kila nikijaribu kukushukuru, hasira inatangulia. Nikikasirika, nakuona umelala pale unawaapisha watu kwa ajili yangu, nalia.

Jumatatu naanza kazi katika shule ya Buna, mbali kaskazini. Wasichana wa huko hawajawahi kufundishwa sayansi na mwanamke. Barabara si salama, magari yanakwenda kwa msafara na askari, na mama hataki kusikia. Adeer Yusuf amesema atapanda lori pamoja nami mpaka mlangoni pa shule. Ndiyo, Adeer huyo huyo.

Nakuaga sasa, kwa kuwa sikukuaga wakati ule. Mungu akupanulie kaburi, akutie nuru. Nami nakuahidi nitawafundisha wale wasichana kama ulivyonifundisha. Na siku nitakapougua mimi, watu wangu wataambiwa, hata wawe mbali kiasi gani, ili waamue wenyewe kama watakuja. Katika hilo, Aabo, sitakufuata.

Binti yako,
Halima