Majibu Niliyotoa Mbele ya Mama

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Habari za huko na baridi yake? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ananishinda unene sasa, na cherehani bado inanipa riziki hapa sebuleni.

Juzi alikuja muuguzi wa zahanati, mama mmoja mrefu, mpole. Ati wanapima mzigo wa watu wanaouguza wazazi wenye ugonjwa wa kusahau. Ajabu! Kumbe nao unapimwa. Akanisomea maswali: unachoka? Unakasirika? Unatamani kukimbia? Unajibu kamwe, mara chache, mara nyingi au kila wakati. Sasa Kaka, mama mwenyewe amekaa palepale, mikono mapajani, ananitazama. Ningesemaje? Mwanamke aliyenibeba mgongoni nimwite mzigo mbele ya macho yake? Nikajibu kamwe, kamwe, kamwe, mpaka muuguzi akatabasamu. Akasema mzigo wangu mwepesi, kwa hiyo msaidizi wa kukaa na mama mchana watampeleka kwa wenye shida zaidi.

Ila nikuulize. Zamani mama aliwahi kukuogopa wewe? Siku hizi nikiingia chumbani kwake anarudi nyuma mpaka ukutani. Basi, usijali.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu nyingi kwa mama. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalia. Sisi mafundi wa lifti kutwa nzima tunaning'inia shimoni kama popo, na mshahara haujui hilo.

Umejibu vizuri. Ya nyumbani hayatoki nje. Ukianza kuwalalamikia watu wa zahanati, kesho mtaa mzima utasema watoto wamemchoka mama yao, na keshokutwa watamchukua wampeleke kwenye jengo la wazee ambako hajui mtu. Hilo nisilisikie kabisa. Kuhusu kuogopa, ni maradhi tu. Muimbie zile nyimbo zake. Mvumilivu hula mbivu. Likizo yangu iko mwisho wa mwaka, nitakuja.

Kaka yako

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Unisamehe kwa kimya changu. Kila nikishika kalamu nakuta sina la kukuandikia ila uongo.

Wiki iliyopita nilikuwa napinda sketi ya mteja. Mama akaja nyuma yangu, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. "Mwizi wewe, binti yangu umemficha wapi?" Nikamwambia, mama, ni mimi. Akazidi kusogea, mkasi uko mbele. Nikamkamata kifundo cha mkono nikakizungusha mpaka mkasi ukaanguka. Lakini Kaka, ulipoanguka sikumwachia. Mkasi uko sakafuni, mama analia, na mimi bado nakaza. Jirani aliyegonga mlango ndiye aliyenishtua. Nikamwambia mama amejikwaa.

Sasa mkono wake una weusi wa vidole vyangu, na ninamvisha nguo za mikono mirefu kwenye joto hili. Mikasi nimeifungia kabatini, kazi imesimama. Namwogopa mama, namwogopa jirani, lakini zaidi ya wote najiogopa mimi. Niruhusu nimwambie muuguzi ukweli. Nijibu upesi, tafadhali.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea kazini, nikairudia mara mbili. Wewe uliyekuwa ukikimbia kuku akichinjwa! Moyo haunitulii.

Lakini usimwambie mtu. Wakiuona huo mkono watamchukua mama siku hiyohiyo, na wewe watakupeleka polisi. Ngoja nizungumze na msimamizi wangu. Subiri.

Kaka yako

24 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sikusubiri.

Jana mama alipolala mchana nilimwita muuguzi jikoni, nikamwomba aanze maswali upya. Safari hii sikusema kamwe hata mara moja. Alipouliza kama naogopa nitamuumiza, nikampeleka chumbani, nikapandisha mkono wa gauni la mama, akaona mwenyewe alama zilizobaki. Nikajua sasa anaita polisi. Akafunika mkono ule taratibu, akanirudisha jikoni, akasema, "Ungeniambia Machi." Nililia mpaka chai ikapoa.

Msaidizi ataanza kuja mchana, mara mbili kwa wiki. Ila muuguzi anasema mimi lazima niondoke, nipumzike wiki tatu, na mtu wa familia akae na mama. Asipopatikana, mama anakwenda jengo la wazee. Akaniuliza kama mtu huyo yupo. Nikasema nina kaka. Akauliza, atakuja? Hilo, Kaka, nimekuachia wewe ujibu. Naondoka Jumamosi ijayo, nitakuwa kwa mama mdogo.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Msalimie mama mdogo. Natumaini unalala.

Msimamizi aliponipa likizo mapema, nilikuja huku kwa mama nikidhani kazi yenyewe ni kukaa naye na kumchekesha. Siku ya kwanza alinipokea kwa bashasha kweli. Kuanzia ya pili akawa ananifuata kila chumba akiuliza mimi ni nani. Namjibu, anauliza tena. Kutwa, mdogo wangu, kutwa! Jana alinitemea chakula usoni, akapiga mayowe kwamba nimemtilia sumu. Nikatoka, nikamfungia chumbani kwa nje, ufunguo mfukoni.

Akagonga. Akaniita kwa jina langu la utotoni, sawasawa kabisa, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mwanangu, nifungulie, naogopa." Nami nimesimama palepale nyuma ya mlango na sifungui. Sikuwa nimechoka wala sikupotewa na akili. Nilitaka aendelee kuogopa. Nilipofungua alikuwa amekaa sakafuni, na mimi hakunijua tena.

Nimekaa jikoni naandika. Muuguzi amefika na maswali yake, safari hii ni yangu, na mama yuko uani na msaidizi. Nitamjibu yote. Wewe pumzika mpaka wiki zako ziishe, ni haki yako. Lakini nakuomba, siku ya kurudi ikifika usichelewe hata kidogo. Mama hayuko salama na mimi.

Kaka yako