Mji Uliomwonyesha Elise

Mama,

Nimefika kwenye kaburi lako huko Bruseli na nimeshindwa kulia. Wanangu walilia, wao waliokujua kwa simu tu. Mimi nilikuwa na hasira, na nimerudi nayo mpaka Gisenyi. Nakuandikia kwa hiki Kiswahili chetu cha Goma, maana kwa Kinyarwanda ningekuheshimu kupita kiasi.

Elise ndiye aliyetualika, yule mtoto uliyekwenda kumlea. Alitupokea akilia. Akaniambia, "Nounou alinilea, donc wewe ni dada yangu." Nounou, yaani yaya, ndivyo anavyokuita. Nilimpenda palepale, Mama. Ingekuwa rahisi kumchukia.

Nilikuwa nimewaahidi Keza na Ganza kwamba mji nitawaonyesha mimi, kwa sababu niliujua wote kwa sauti yako. Ulikuwa unapiga simu Nyamyumba, hapa karibu na Gisenyi, kwa mama mukubwa, dada yako, aliyenilea, na unanitembeza. Hapa iko sanamu ya katoto kanakojoa mbele ya watu bila haya. Hapa iko uwanja wa zamani, nyumba zake zinang'aa dhahabu. Kule iko mipira mikubwa ya chuma, unapanda ndani, unaona mji wote. Halafu, kila mara, habari ya karatasi zako za kuishi huko: "Papiers haiyatoka, mama. Ikitoka tu, nakuleta." Nilikua nikingoja. Niliolewa nikingoja.

Elise hakuniachia nafasi. Kwenye ile sanamu Ganza alicheka mpaka akakaa chini. Kule uwanjani Keza alikuwa anatazama mawe ya chini, Elise akamwinua kidevu: "Angalia juu, mama. Huko chini hakuna kitu." Kwa Kiswahili chako, Mama. Kwa lafudhi yako. Nikahisi kama mutu amenivua nguo mbele ya wageni.

Halafu tukapanda kwenye ile mipira. Watoto wamebandika nyuso kwenye kioo, Elise anawaonyesha paa hili na lile. Akageuka kwangu, anatabasamu: "Hapa ndipo tulikuja kusherehekea Nounou alipopata papiers. Mi nilikuwa sina meno ya mbele."

Mimi na Elise ni rika moja. Nami mwaka huo nilikuwa sina meno.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Mais oui. Maman wangu alimuuliza kama atakuleta. Alijibu kwamba wewe uko bien huko Gisenyi, hautaki kuja."

Nilisema lini, Mama? Nilimwambia nani?

Aliona uso wangu, akanishika mkono. Tulishuka hivyo mpaka chini.

Nimekutafutia sababu. Labda uliona haya, chumba chako kilikuwa kidogo. Labda ulifika jioni umechoka kuwa mama, hukutaka kuanza upya na mwingine. Ungeniambia ningekasirika, na ningekua. Lakini ulinipa neno la uongo na ukalirudia kwa upole, miaka yote ile, hata nilipokupigia kukwambia nimejifungua Keza. "Papiers haiyatoka." Nikakuhurumia! Nikaomba kanisani zitoke!

Tukirudi kwa tram Keza aliuliza juu yako, bibi yake, "Nyogokuru alikuleta hapa ulipokuwa mudogo?" Nikasema hapana. "Kwa nini?" Nikamwambia sijui, nikamwambia alinidanganya. Alilaza kichwa kwenye mkono wangu mpaka tukashuka.

Sasa Elise anataka kuja kuona ulikozaliwa. Nimesema aje. Atalala kwangu, nitampikia, watoto wameanza kumwita shangazi. Akisema ulikuwa mama mwema nitamwacha aseme, kwake ni kweli. Mimi asinitake niitikie.

Kwaheri, Mama. Pumzika, kama unaweza. Nami nakuahidi hili: watoto wangu nitawaambia ukweli hata ukiwa mubaya, na nitawaambia nikiwa hai, ili wapate wa kumgombeza.

Mwanao wa Gisenyi,
Clémence