Mfuko Uliopita Msibani

Nzuguni, 20 Machi 1908

Kwa dada yangu Loisi, Kigwe.

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu mvua za kwanza. Karatasi nilikuwa nayo, na wasafiri wa huko hawakukosekana. Nilizuiwa na haya tu. Natumaini u mzima, na kwamba kikohozi cha mkweo, Mzee Matonya, kimepungua. Mama yetu hajambo, ila sasa hauoni hata mlango.

Nilipokuwa nikipeleka mfuko wa barua za Serikali ya Wadachi huko Kilimatinde, niliteleza korongoni, kifundo cha mguu kikageuka. Mganga wa viungo amenifunga vijiti. Sasa kazi yangu ni kuamia ndege katika uwele wa mke wangu Hana, na kumshika Mama mkono aendapo uani. Mfuko anaubeba mwanao Petro kwa niaba yangu mpaka nitakapopona. Ulimleta kwangu asome, hukumleta akimbie. Hiyo ndiyo haya yangu.

Hata hivyo miguu yake ni mizuri, nami namfundisha kila jioni. Apumue kwa pua. Asinywe maji mengi njiani. Zaidi ya yote, awapo na mfuko asisimame kumsalimia mtu yeyote, hata mzee. Wajua desturi yetu: ukisimama kwenye mji mmoja utaulizwa habari za ng'ombe, za mvua na za wakwe, mpaka jua litue. Akiitwa, ajibu "Barua za Serikali!" na apite.

Kaka yako,
Methusela

Kigwe, 11 Aprili 1908

Kaka, shikamoo.

Tumeamka salama, isipokuwa Mzee. Mama mpake mafuta miguuni, usimwachie Hana kila kitu. Nimecheka peke yangu nikikuwaza unawarushia ndege mawe. Ndege wenyewe wanakuogopa, au nao unawafundisha kupumua kwa pua?

Petro alipita hapa juzi na mfuko, akielekea Kilimatinde. Nilitoka na kibuyu cha maziwa, akanipungia mkono tu. Nikamfuata mbio hadi kwenye michongoma, mimi na umri huu! Jirani yangu Tabu akapiga kelele, "Loisi, nawe umeajiriwa na Mdachi?" Maziwa yote yakanimwagikia.

Lakini sasa sikutanii. Mzee Matonya hali tena ugali, uji tu. Kila asubuhi anauliza, "Mtoto wa mwanangu amefika?" Tangu mume wangu afe, humtaja Petro peke yake. Mwache alale hapa hata usiku mmoja. Nakuomba, kaka.

Mdogo wako,
Loisi

Nzuguni, 27 Aprili 1908

Dada yangu Loisi,

Pokea salamu zetu sote, na Mzee umpe pole yangu. Mama anapakwa mafuta. Mimi ndiye ninayempaka.

Ombi lako nimelisoma mara nyingi, na siwezi kulikubali. Mfuko ukichelewa, kiboko hakiulizi sababu. Mavuno yakiisha nitaurudia mfuko mwenyewe, na Petro atakuja kukaa kwenu muda mtakaoutaka. Mzee avumilie.

Mguu unaendelea vizuri. Jana alfajiri nilijaribu kukimbia hadi kisimani. Wanawake waliokuwa wakiteka maji waliniona nikichechemea, wakaniuliza, "Mzee, ng'ombe wako ametoroka?" Nilijibu kwamba ndiyo. Wakatua mitungi yao ili wanisaidie kumtafuta, ikanibidi nami nimtafute. Sikumwambia Hana.

Kaka yako,
Methusela

Kigwe, 2 Juni 1908

Kaka,

Shikamoo. Sina nguvu ya kuuliza habari za wote. Nawaombea uzima.

Mzee Matonya amefariki. Katika ukoo wa mume wangu, kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, na kwa kuwa mume wangu hayupo, zamu ilikuwa ya Petro. Wazee waliijua siku yake ya kupita, wakasimamisha maziko. Tuliketi chini mbele ya tembe tangu asubuhi, jua kali, maiti ndani.

Akaja. Shemeji yangu Filipo akasimama akamwita, "Petro! Babu yako!" Mwanangu alipunguza mwendo, kaka. Nilimwona. Alitutazama, akaniona mimi na kichwa changu kilichonyolewa. Kisha akapaza sauti, "Barua za Serikali!" akapita.

Hakuna aliyelia tena. Tabu ndiye aliyesema, taratibu, "Loisi, mwanao amekuwa Mdachi."

Udongo akatupa Filipo. Wazee wamesema Petro asikanyage mji wa baba yake mpaka aje kuomba radhi kaburini kabla tanga halijaondolewa. Tanga likishaondolewa, hana baba hapa, wala hana ng'ombe wa kuolea. Litaondolewa mwezi huu.

Loisi

Nzuguni, 15 Juni 1908

Dada yangu Loisi,

Poleni kwa msiba.

Petro aliporudi safari ile, alikuwa amefika mapema kuliko nilivyowahi kufika mimi. Nilimsifu mbele ya karani wa barua, Shaibu. Nilisema, "Huyu nimemfundisha mimi." Petro aliomba akalale. Nilidhani ni uchovu. Kisha barua yako ikafika.

Nilikwenda kwa Shaibu nikamwomba Petro apewe ruhusa. Akasema, "Mzee Methusela, pole sana. Lakini mfuko nao hauna msiba. Nani ataubeba?" Nikasema, mimi. Nikaupachika begani, nikakimbia mbele yake hadi kwenye mti wa bendera, na hapo mguu ukanikataa. Shaibu aligeuka akajifanya anafunga dirisha. Petro alikuja akanivua mfuko.

Jioni aliniuliza, "Mjomba, nifanye nini?" Nilimwambia kwamba nilimwamuru vibaya, na kwamba kuhusu msiba wa babu yake sina amri tena juu yake. Alilia. Ameondoka na mfuko alfajiri hii bila kuniaga, nami sijui atafanya nini afikapo Kigwe. Barua hii naituma kwa mfanyabiashara mwenye punda, kwa hiyo huenda Petro ameshafika kwenu ukiisoma.

Akiwa amepita tena, aibu ni yangu. Waambie wazee hivyo kwa jina langu. Akiwa amesimama, mruhusu akae mpaka tanga liondolewe, na Filipo aufikishe mfuko Kilimatinde. Utakuwa umechelewa. Jana usiku sikulala, na asubuhi hii nilikwenda kwa Shaibu tukalizungumza jambo hili. Mfuko ule bado umeandikwa kwa jina langu, kwa kuwa Petro alikuwa akinishikia tu. Nimemwomba asilibadili. Akanionya, "Unajua Wadachi watakuita wewe kwenye kiboko?" Nikamjibu kwamba najua.

Hana anajua. Mama hajui. Petro asijue mpaka amalize kuomboleza. Watakapokuwa wameamua juu yangu, nitakuandikia.

Kaka yako,
Methusela