Simu Ilipokelewa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Rujewa, Jumatatu tarehe 12 Aprili 1976, saa nne asubuhi

Jina: Masunga Ngolo
Umri: Miaka 54
Kabila: Msukuma
Kazi: Mlinzi wa lango la maji, pia mkulima wa mpunga
Makazi: Kijiji cha Itambo, jirani na Ubaruku

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilihamia Usangu na ng'ombe wangu mwaka 1961. Lango la mto nilianza kulilinda mwaka 1965, kabla hakujawa na mradi wala mshahara. Pale langoni nilichimbia mti majini, una alama tatu. Maji yakifunika alama ya tatu nilikuwa napuliza pembe ya tandala. Nyumba ya kwanza ikisikia inapiga yowe, ya pili inaitikia, hivyo hivyo mpaka mashamba ya chini, na watu wote wanakimbilia mwinuko wa kanisani. Kwetu yowe hilo linaitwa mwano. Mtu akisikia mwano akanyamaza, siku akifiwa atachimba kaburi peke yake.

Mnamo Juni 1973 mradi wa umwagiliaji ulileta simu mbili za kuzungusha kwa mkono. Moja iliwekwa kwenye kibanda changu langoni, ya pili ofisini kijijini, kilomita tano. Bwana mradi alisema mkutanoni kwamba pembe ni mambo ya kizamani na inatia watu hofu bure. Maji yakipanda mlinzi apige simu, karani apite na kipaza sauti. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, nisijifanye mwerevu leo. Niliipenda ile simu, maana kifua changu kilishachoka kupuliza. Pembe nikaitundika ukutani, ikajaa buibui.

Karani wa ofisi ni Edmund, kijana wa Ilula, mkoa wa Iringa. Mwaka 1974 alimuoa binti yangu Kalista, na wana mtoto mmoja. Nilimpa kwa moyo mweupe. Mke wangu Leokadia alimpenda kuliko nilivyompenda mimi. Kwa heshima ya ukwe walikuwa hawatazamani usoni, lakini kila akikamua alimtengea kibuyu cha maziwa.

Mnamo tarehe 8 Aprili, siku ya Alhamisi, kwetu hapakuwa na mvua. Milimani kulikuwa kweusi tangu asubuhi. Saa nane na dakika kumi mchana, kwa saa ya ukutani ya mradi, maji yalifunika alama ya tatu. Nilizungusha simu. Ilipokelewa. Sauti ilikuwa ya Edmund, siwezi kuikosea. Nilimwambia, "Maji yamepita alama ya tatu. Mama yenu yuko shamba la chini kabisa anaamia ndege. Anza na yeye." Akajibu, "Ndiyo baba, nimekupata. Naanza na mama." Niliandika katika kitabu cha simu kama tulivyofundishwa, nikaketi. Afande ameniuliza kama nilisinzia. Sikusinzia. Nilikaa nikavuta tumbaku yangu kwa sababu nilijua ujumbe umefika.

Saa nane na dakika arobaini sikuwa nimesikia kipaza sauti. Moshi wa majiko ulikuwa bado unapanda kule chini, na waamia ndege bado wanawafukuza kwa kelele zao. Nilipiga simu tena mara tatu. Iliita tu.

Nilishusha pembe, nikapuliza. Hakuna nyumba iliyoitikia. Nilishuka na mfereji nikikimbia na kupuliza. Watoto wa nyumba ya kwanza walitoka wakacheza, walidhani ni ngoma. Sikuwalaumu. Watoto wa miaka mitatu, minne, wamekua na simu. Mama yao nilimpigia kelele, ndipo akawabeba. Saa tisa na nusu nilimkuta Saulo akipalilia. Huyu ni mtu mzima, mwenyeji wa milima ya Mbeya, na mwano aliwahi kuuitikia miaka ya nyuma. Nilimwambia maji yanakuja. Akacheka, akasema, "Mzee Masunga, kama ni maji ofisi ingeshatangaza. Rudi ukapumzike, jua kali." Nilimshika mkono, akautoa. Nilimwacha, nikakimbilia kwa mke wangu.

Maji yalinipita kabla sijafika. Nilikuwa juu ya tuta la mfereji. Niliona kibanda cha shamba letu kikiinuka kizima na paa lake, kikageuka, kikaenda. Nilipuliza pembe mpaka midomo ikatoka damu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpulizia.

Kama saa kumi na moja jioni nilifika mwinuko wa kanisani. Trekta ya mradi ilikuwa pale na trela lake. Ndani ya trela kulikuwa na magunia ya mpunga, kitanda, redio, cherehani, na binti yangu Kalista na mtoto. Nguo zao zilikuwa kavu. Nilimuuliza walifika saa ngapi. Akasema kabla ya saa tisa. Nilimuuliza walijuaje. Aliinama, akasema, "Edmund alisema umepiga, baba. Alisema tusipige kelele, watu wasije wakaligombania trela." Nilimuuliza, "Na mama?" Akasema, "Aliniambia mama ameshaambiwa."

Edmund alikuwa hatua kumi kutoka pale, anawaeleza watu kwamba simu ilikufa tangu asubuhi. Baadaye alinivuta pembeni, akasema, "Baba, yaliyopita yamepita. Mimi nikifungwa, binti yako atakula wapi?" Nilitaka kumpiga, mkono haukuinuka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Waliokufa ni wanne. Saulo ni mmoja wao. Leokadia tulimkuta Ijumaa asubuhi kwenye matete. Kombeo lake lilikuwa bado limezungushwa mkononi.

Jana Jumapili, baada ya mazishi, Kalista alikuja akapiga magoti. Alisema kijijini wananisema mimi, kwamba mlinzi alilala. Akasema, "Baba, kubali tu simu ilikuwa mbovu. Hata ukisema ulilala, watu watakusamehe, wewe ni mzee. Edmund hawatamsamehe." Nilimuuliza, "Mama yako naye atanisamehe?" Alilia, na mimi nililia.

Afande, simu haikuwa mbovu. Ilifanya kazi vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Pembe ilipokuwa inalia haikumchagua mtu, mwizi alisikia na padri alisikia. Simu nilimpigia mtu mmoja, nikaweka mikono mapajani. Nilimpa Edmund binti yangu, halafu nikampa masikio ya kijiji kizima ayashike peke yake. Kwa simu ile ile niliyopiga mimi ameniokolea mtoto na mjukuu, na ameniulia mke.

Sikulazimishwa na mtu kusema haya. Nimesomewa yote kwa sauti, ni maneno yangu, na mahakamani nitayarudia hata binti yangu akiwa amekaa mbele yangu.

Sahihi: Masunga Ngolo (ameandika mwenyewe)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Koplo Silvester, na kumsomea shahidi. Kitabu cha simu nimekipokea kama kielelezo. Kuna mstari wa saa 8.10 mchana wa tarehe 8 Aprili, umeandikwa "imepokelewa". Nilitaka pia kupokea pembe aliyokuja nayo. Shahidi amekataa kuiacha, amesema milimani bado kunanyesha. Nimemruhusu aondoke nayo.