Saa Aliyokufa Baba

Bwenini, Tinde
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu mpendwa Mayala,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Katoro, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa msiba kimepungua. Mimi sijambo. Tumemaliza mitihani ya katikati ya muhula. Hesabu ilikuwa ngumu, lakini baiolojia nimepata themanini na moja. Mama alikuja Jumamosi iliyopita kuniletea sabuni na karanga za kukaanga. Hajambo, ila amekonda. Anauliza kama unakula.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Thobias alipokuja kununua mchele, na nimeisoma mara nne. Umeandika kwamba rafiki yako Marwa, aliyewahi kufanya kazi mochwari kabla ya kuja machimboni, amekuambia mtu aliyekufa saa tatu asubuhi hawezi kuwa na mikono inayokunjika saa kumi na moja jioni, wala joto kwapani. Umeandika kwamba baada ya hapo ulikwenda kwa mganga, naye akasema baba hakufa kifo chake, yupo mwanamke mzee aliyekuwa karibu na kitanda. Na kwamba tarehe thelathini utakuja nyumbani Samuye na vijana wawili kuongea na jirani yetu Bibi Mageni. Kaka, najua maana ya neno hilo. Tulipokuwa wadogo walikwenda kuongea na yule bibi wa ng'ambo ya mto, na asubuhi yake tulikatazwa kupita njia ile kwenda shule.

Umeniuliza mambo mawili, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza: kama baba aliteseka, na kama kweli alikufa saa tatu. Nitakujibu yote. Naanza na la kwanza kwa sababu kwangu ni jepesi, na bila hilo hutalielewa la pili.

Wiki mbili za mwisho baba alikuwa analala tu. Kwanza alikataa ugali, halafu uji, halafu hata maji. Mama alikuwa akimlazimisha kijiko kwa kijiko, akimwambia kwamba amekula uji wake miaka ishirini na mitano bila kulalamika, leo umepungukiwa nini. Nesi Eunice wa zahanati alipokuja Jumanne alimkataza. Alisema mwili unaokaribia kufa hauhitaji chakula, na tukiulazimisha kitaingia mapafuni, na mapafu ya baba yalikuwa yamekwisha jaa vumbi la mwamba la machimboni. Alisema hafi kwa sababu hali chakula, ila hali chakula kwa sababu anakufa. Mama akatoka na ule uji akawamwagia kuku.

Nesi alinionyesha namna ya kulowanisha pamba na kumpitishia midomoni. Alinieleza yatakayofuata, na mimi niliyaandika nyuma ya daftari la baiolojia. Sikuwa na pengine pa kuyaweka. Alisema mkojo utapungua na kuwa mweusi kama chai ya rangi, na ikawa hivyo Jumatano. Alisema damu itaanza kuiacha miguu ili ibaki kwenye moyo na ubongo, kwa hiyo nyayo zitapoa kwanza. Jumatano jioni nyayo zilikuwa baridi, na kufika usiku wa manane baridi ilikuwa magotini. Kucha zilibadilika, zikawa kama za mtu aliyeshika wino. Kooni kulikuwa na sauti ya kukoroma, kama maji yanayochemka kwenye sufuria iliyofunikwa. Nesi alisema ni mate tu ambayo hawezi kuyameza, na kwamba sauti ile inamuumiza anayeisikia kuliko anayeitoa. Nilimgeuza ubavu kama alivyonifundisha, ikapungua.

Basi kaka, kama unauliza mateso, mateso yalikuwa kabla, miezi ile ya kukohoa akiwa amekaa hawezi kulala. Siku mbili za mwisho paji la uso lilikuwa limetulia. Nilikuwa naliangalia kila saa, kwa sababu nesi alisema maumivu ya mtu asiyeweza kusema huonekana hapo.

Sasa la pili.

Jambo la mwisho nesi alilonieleza lilikuwa juu ya pumzi. Alisema atapumua haraka haraka, halafu atanyamaza, mtadhani amekwenda, halafu atavuta tena. Kunyamaza huko kutakuwa kunarefuka. Alinishika mkono akaniambia kwamba mimi ndiye msomi wa nyumba hii, nisimtangazie mtu yeyote mpaka nihesabu dakika tano kamili na kuweka vidole hapa shingoni. Niliandika dakika tano nikapigia mstari.

Alhamisi saa tatu asubuhi pumzi ilinyamaza. Nilikuwa nahesabu. Nilifika sabini na kitu. Mama alikuwa mlangoni, akaniangalia usoni, na sijui aliona nini, akapiga yowe. Shangazi Mariana naye akapokea, na wanawake wote waliokuwa uani wakapokea. Mimi niliacha kuhesabu. Sikuweka vidole shingoni. Nilitoa simu mfukoni nikakupigia. Wewe ulikuwa umeshafika Kahama unasubiri gari, nami nikakuambia kwamba baba amefariki. Uliniuliza kama nina uhakika nikasema ndiyo. Ukasema basi utabaki hapo Kahama uchongeshe jeneza, na utakuja nalo.

Ulipokata simu, Bibi Mageni aliingia. Unajua alivyo, na yale macho yake mekundu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe anachopikia, na jinsi alivyokuwa akimwita baba mume wake kwa utani wa bibi na mjukuu. Aliinama akaweka vidole shingoni pa baba, mahali pale pale nilipoagizwa mimi. Akageuka akawafokea wanawake. Aliwauliza nani amewaambia mume wake amekufa, na kwamba wanamlilia mtu anayewasikia, wakalilie waume zao ambao wakiwa hai hawasikii. Hapo hapo baba akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu na yenye kelele. Mama alianguka, wakambeba wakampeleka nyumba ya jirani.

Hayo ndiyo watu wanayoyasimulia kwamba alimrudisha kwa mkono, na kwamba aliyemrudisha ndiye aliyemchukua baadaye. Kaka, hakumrudisha. Baba hakuwa amekwenda. Bibi alifanya tu kazi niliyoiacha mimi.

Nje wanaume walikuwa wameanza kuchimba mashimo ya nguzo za turubai. Baba mdogo Ndaki aliingia, akaangalia, akasema kaka yake hata kufa anachelewa kama alivyokuwa akichelewa vikao vya ukoo. Watu wawili walicheka. Nilimuuliza kama nikupigie tena. Alisema kwetu kilio kikishatoka hakirudishwi mdomoni, kwamba kumtangaza hai mtu aliyekwisha liliwa ni kuitafutia nyumba msiba mwingine, na kwamba saa sita haitamkuta hai, mwache mtoto alete sanduku. Wote walikubaliana hivyo. Ndiyo maana ulipofika kila mtu alikuambia saa tatu. Walikuwa wanaficha aibu ya kumlilia mtu aliye hai. Hawakuwa wanamficha mchawi.

Lakini baba mdogo hakuninyang'anya simu. Ilikuwa mfukoni mwangu na ilikuwa na salio. Mara mbili nilitoka nyuma ya zizi nikafungua jina lako nikaliangalia. Kutoka Kahama ungekuwa umefika saa tano, saa tano na nusu ukichelewa sana. Sikupiga. Nilikuwa naona aibu, kwa sababu uliniuliza kama nina uhakika. Nilijiambia atakufa kabla hujafika na utaumia mara mbili. Hayo nilijiambia baadaye. Kwanza ilikuwa ni aibu tu.

Baba alikufa saa tisa kasoro robo mchana. Safari hii nilihesabu dakika tano, halafu nikahesabu nyingine tano. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka na haziogopi mwanga. Taya lililegea, Bibi Mageni akalifunga kwa kitambaa cha khanga, ila mdomo ulibaki wazi kidogo. Mwili hupoa polepole, kaka, na kwenye chumba chenye bati siku ya jua hupoa polepole zaidi. Kukakamaa huanzia kwenye kope na taya baada ya saa mbili hivi, halafu shingo, halafu mikono, na miguu huja mwisho. Ulipofika saa kumi na moja taya lilikuwa limeshakaza, ndiyo maana ulishindwa kumfumba vizuri mdomo. Mikono ilikuwa bado. Uliuinua mkono wake ukamwekea kifuani na ukanitazama. Nilitazama chini. Ungerudi kuushika asubuhi ya mazishi ungekuta mgumu kama mti, na siku ya pili yake, kama tungekuwa hatujazika, ungekuta umelegea tena. Marwa amekuambia kweli. Mwili wa baba ulikuwa unakuambia saa yake ya kufa, nasi tulikuwa tunakuambia nyingine.

Ningeweza kuishia hapa na Bibi Mageni angekuwa salama. Lakini umeandika kwamba jambo linalokunyima usingizi ni kama baba alikuulizia. Alikuulizia.

Ilikuwa saa sita na dakika chache. Chumbani tulikuwa watatu tu, baba, Bibi Mageni na mimi. Alifumbua macho, lakini hayakuwa yanaona, yalikuwa yanatazama juu ya kichwa changu. Alisema kwa sauti ndogo, iliyo wazi kabisa, akiuliza kama Mayala amefika. Nesi alikuwa ameniambia masikio hubaki mpaka mwisho. Nikasema amefika. Baba akafungua kiganja. Nikaweka mkono wangu ndani ya mkono wake.

Aliupapasa kwa kidole gumba. Aliita ng'wanone, mwanangu, akasema kwamba mikono imekuwa laini. Akauliza kama nimeacha mashimo. Sikuwa na sauti yako, kwa hiyo nilinong'ona. Nikasema nimeacha, baba. Akasema vizuri. Akasema vumbi lile halina shukrani. Hakusema neno lingine tena mpaka alipokufa.

Bibi Mageni aliyaona yote na kuyasikia. Aliendelea kukamua pamba kwenye kikombe. Jioni ulipomuuliza kwa ukali baba alisema nini, alikujibu muulize mtoto, na wewe ukadhani anakudharau. Alikuwa ananiachia mimi niseme, na mimi nikaenda kuwasha moto. Tangu siku ile hajaniambia lolote. Mama anasema siku hizi anafunga mlango jua likiwa bado lipo, na wanawake hawamwazimi chungu. Analipa deni langu.

Sijalia bado, kaka. Mwalimu Rhoda anasema kilio kitakuja. Ijumaa nilimweleza haya yote kabla ya kukuandikia, na jana nilimwandikia baba mdogo kwamba nitayasema mbele ya ukoo nikifunga shule, apende asipende. Bado natamani kusomea uuguzi. Sijui kama mtu aliyefanya niliyoyafanya anafaa, lakini najua sitaacha tena kuhesabu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba kitu kimoja. Gari la kutoka Kahama linapita Tinde kabla ya kufika Samuye. Siku hiyo ya thelathini, shuka Tinde. Shuka peke yako, vijana hao waache Katoro. Ni Jumapili ya kutembelewa, mlinzi atakuruhusu. Nitakaa kwenye benchi la getini tangu saa nne. Kama bado una hasira na mtu aliyekuwa karibu na kitanda cha baba, mtu huyo ni mimi, na utanikuta. Tukishamaliza, kama bado unataka kwenda kwa Bibi Mageni, tutaomba ruhusa twende wote wawili, tumpelekee kilo ya sukari.

Thobias ananisubiri nje, anasema mchele haujui kwamba watu wana barua ndefu. Msalimie Marwa, mwambie yupo msichana wa kidato cha tatu anayekubaliana naye. Mama anakusalimu, na Shangazi Mariana, na ndama wa yule ng'ombe wako mweupe amepona mguu. Uwe unafunga kitambaa puani unapoponda mawe, hata wenzako wakikucheka. Mungu akulinde mpaka tuonane getini.

Ni mimi mdogo wako,
Asteria