Zebaki Chini ya Sakafu

Jumatatu, 9 Machi

Mtoto kaamka na homa. Nikampima alfajiri, mke wangu akaniita kutoka jikoni, nikaichomeka themometa kwenye mfuko wa ovaroli – ikabaki humo. Themometa ya kioo, ya zamani, zawadi ya mama mkwe.

Saa nne asubuhi nimelala kifudifudi chini ya sakafu ya chumba cha mizigo, nakagua boriti za ndege. Nikasikia kitu kimevunjika kifuani. Kioo! Zebaki ikatawanyika juu ya alumini, matone madogo madogo, ikakimbilia kwenye maungio.

Mimi! Mimi ninayesimama mlangoni pa karakana kuwaambia wenzangu watoe kila kitu mfukoni kabla ya kuingia kwenye ndege, hata sarafu, hata pete. Wananiita Bwana Kutu. Nawafundisha kwamba chumvi hula ndege kwa miaka, zebaki kwa siku chache tu.

Nikaokota matone kwa utepe wa gundi. Yale niliyoyaona. Rangi inaikinga boriti, ila pale nilipokuwa nimeikwangua mwenyewe ili nikague. Nikajiambia yameisha. Nikamwita shemeji – kaka wa mke wangu, tuko zamu moja – afunge vibao vya sakafu na kutia saini. Akafunga. Akanitania kwamba nimetoka jasho kama bwana harusi.

Sikusema kitu. Ningesema, ndege ingezuiwa na karakana nzima ingenicheka. Aibu ilinifunga mdomo.

Jumanne, 10 Machi

Homa imeshuka. Mke wangu kaulizia themometa. Nimesema imenidondoka njiani. Uongo umetoka laini kabisa.

Alhamisi, 12 Machi

Zebaki imeota.

Shemeji alirudi kufungua kibao kimoja – kuna skrubu haikumridhisha, ndivyo alivyo – akaniita nije na tochi. Manyoya meupe juu ya boriti, yamesimama yenyewe. Ukiyagusa yanakuwa unga. Chini yake alumini imelika, kidole kinazama. Bwana Kutu, hii nini? akauliza. Nimewaonyesha picha yake darasani mara ngapi! Nikasema tumwite mkuu.

Mkuu wa karakana hakufoka. Zebaki, akasema. Ndege isitoke. Boriti zikatwe, labda tatu. Akatazama saini ya mwisho: ya shemeji. Akamwambia akae nyumbani mpaka ijulikane. Kisha akanigeukia – wewe ndiye unayeijua kutu, nitafutie aliyeleta zebaki humu.

Nikasema sawa, mkuu. Nikaitikia kwa adabu zote!

Ijumaa, 13 Machi

Mke wangu analia. Kaka yake ameihangaikia leseni ya ufundi tangu ujana, leo anaonekana mzembe. Msaidie, baba watoto, anakutegemea wewe. Nimesema nitaona.

Kazini nimewahoji watu. Mwanamke anayefagia ndege ametetemeka mbele yangu, eti mimi nikiwa naandika majibu yake. Najichukia.

Jumamosi, 14 Machi

Shemeji kaja nyumbani. Amekonda kwa siku mbili tu. Anasema hajalala, amefikiri sana. Jumatatu ile, wakati wa kufunga vibao, mrija wa taa yake ya mkononi ulipasuka, akaweka mwingine. Mirija ile si ina zebaki?

"Shemeji, niambie ukweli. Inawezekana ni mimi?"

Mrija ule una zebaki kidogo mno. Hauwezi kuotesha manyoya yale. Angeniuliza mtu mwingine, siku nyingine, ningecheka.

Nikasema inawezekana.

Akashusha pumzi. Akanishukuru! Afadhali kujua, akasema, kuliko kuitwa mwongo. Jumatatu atakwenda kukiri. Mke wangu akanitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona kwake tangu mtoto azaliwe. Nikaenda msalani nikajifungia. Sina uso wa kuwatazama watu wale wawili, na bado nilirudi sebuleni, nikanywa chai nao.

Jumapili, 15 Machi

Nimeanza kumwambia mke wangu mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kuuliza habari za mtoto. Mara ya pili nikaomba maji.

Jumatatu, 16 Machi

Niko kwenye korido, nje ya ofisi ya mkuu. Naandika kwenye daftari hili nikisubiri kuitwa. Shemeji yuko ndani, kavaa shati lake zuri. Mlango haukufungwa vizuri, namsikia. Ni mimi, mkuu. Ni taa yangu. Bwana Kutu mwenyewe amethibitisha.

Mkuu anasema basi, leseni iache hapa mezani. Mwite shemeji yako naye aje atie saini kwamba amethibitisha.

Simama, useme. Simama tu, mwanamume wewe.

Mlango umefunguka. Shemeji ameushikilia nipite. Macho mekundu, lakini anajitahidi kutabasamu. Ananinong'oneza nisione haya, eti nilichomwambia ni kweli tu.

Mkuu anatazama daftari hili, anauliza naandika nini humu.